Picha Zilizokatiwa Njiani

Chumba cha mitambo cha ile hospitali kilikuwa mwisho wa korido, jirani na chumba cha kufulia mashuka. Ukisimama mlangoni ulisikia feni zikivuma, na harufu ya sabuni ikakufuata hadi ndani. Humo ndimo alimoshinda mwanamke waliyemwita Njozi. Jina hilo alipachikwa na wenzake, maana ungeweza kumsemesha akiwa ameikodolea macho kompyuta, naye akakuitikia chai yako ikiwa imeshapoa. Si kwamba alikuwa mzembe. Akili yake ilikuwa na kawaida ya kutoka, ikatembea inakotembea, kisha ikarudi na jibu.

Kazi yake ilikuwa kuitunza seva, kompyuta iliyopokea picha za wagonjwa. Mtu akishapasuliwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani, hakulazimika kurudi kila mara kukaguliwa. Alikipiga kidonda picha kwa simu, akaituma, na muuguzi wa vidonda akaitazama pale mezani kwake. Wa karibu walituma na kujibiwa kabla hawajamaliza kufunga bandeji.

Asubuhi moja muuguzi huyo, mama wa maneno mengi na utani, aliingia mle ndani bila utani wowote.

"Njozi, wagonjwa wangu wa mbali wamepotea."

"Wamepotea vipi, Sista?"

"Picha zao hazifiki. Nikiwapigia wanasema wametuma hadi mikono imechoka. Simu inawaambia muda umekwisha. Muda wa nani? Mimi nipo hapa, nawasubiri."

Njozi akafungua kumbukumbu za seva. Mstari mmoja, kuhusu simu iliyokuwa ikituma, ulisema: mteja ameondoka. Wa chini yake: mteja ameondoka. Na wa chini yake tena. Alizidi kuzisoma hadi akawaona, watu wamejipanga ukumbini na vifurushi mikononi, mmoja mmoja anageuka na kwenda zake bila neno. Mbona mwaondoka? aliwauliza kimoyomoyo. 

Mkuu wa kitengo, kijana wa mwendo wa haraka ambaye hata lifti aliiona inamchelewesha, hakuona tatizo. "Dada yangu, mtandao wa huko kwao ni wa kuokoteza. Seva yetu haina neno. Tazama." Akatuma picha kwa simu yake. Ikaingia kufumba na kufumbua.

Miongoni mwa waliopotea alikuwemo mama mkwe wake Njozi, aliyepasuliwa goti, anayeishi ng'ambo ya vilima. Jumamosi Njozi akafunga safari kwenda kumwona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona mimi au simu?"

"Vyote viwili, Mama."

"Sema kweli tu. Simu ile pale, juu ya kabati. Hatutagombana."

Walikaa kitandani, dirisha likiwa wazi, pazia likijaa upepo na kulegea kama kifua cha mtu aliyelala. Njozi akakipiga kidonda picha, akaituma. Pale chini ya kioo cha simu mstari mwembamba wa buluu ukaanza kutambaa. Ulisogea, ukasimama, ukasogea, kama mtu anayevuka maji ya magotini. Mama mkwe, asiye na haraka ya chochote, akaanza kuimba kwa sauti ya puani wimbo wa kubembelezea watoto. Mchana ulikuwa mzito na mtamu. Njozi alijiona yuko ndani ya ule mstari, anatembea taratibu kuelekea mlango wa mbali wenye taa, na mlango unamngoja.

Simu ikaandika: muda umekwisha.

Wakatuma tena. Wimbo ukaanza upya, mstari ukaanza upya. Safari hii picha ilivuka nusu, ikakatwa. Mara ya tatu haikufika hata robo. Njozi alikuwa amefumba macho, na ndiyo maana akasikia kitu ambacho macho yasingekiona: picha ilikatwa mahali tofauti kila mara, lakini wimbo ulikuwa palepale, mwanzo wa ubeti wa tatu.

"Mama, imba tena tafadhali."

"Leo naombwa kuimba! Mumeo hajawahi kuniomba."

"Mume wangu ni mwanao, Mama."

"Basi ndiye huyohuyo."

Akaimba, na ubeti wa tatu ulipoingia, picha ikakatwa. Njozi akafumbua macho. Hawa watu hawakuwa wakiondoka. Walikuwa wakitolewa, na kuna saa iliyokuwa ikiwahesabia.

Jumatatu akaitafuta saa hiyo kazini. Mbele ya seva kulikuwa na kompyuta nyingine ndogo, ya mlangoni, ambako kila picha ilipitia kwanza, iliyowekwa kuzuia wahuni wanaojiunga kwa maelfu, wakanyamaza na kuziba njia. Iliamriwa hivi: asiyemaliza ndani ya nusu dakika, nje. Nayo haikuweza kumtofautisha mnyamavu na mwenye mwendo wa pole. Seva iliyokuwa nyuma haikuona nani kamtoa mwenzake. Iliona tu mtu hayupo, ikaandika ameondoka.

"Tukilegeza mlango, wahuni watarudi," alisema mkuu.

"Hatulegezi. Saa ianze upya kila kipande cha picha kinapofika. Aliyekaa kimya atoke. Anayekuja aachwe aje, ila tumwekee kikomo kirefu, ili asiwepo wa kututumia chembe chembe makusudi kutwa nzima. Na mlango ukusanye vipande vyote kwanza ndipo uiamshe seva, wengine wasizuiwe na mmoja."

Mkuu akakuna kidevu, akakubali. Walibadilisha pamoja, kisha wakaipunguzia simu yake kasi kusudi, wakatuma. Mkuu akavuta kiti. Njozi alimtazama akiutazama mstari wa buluu, mabega yakishuka kidogo kidogo, hadi akawa ametulia kama mtoto mbele ya tangi la samaki. Picha ikaingia.

"Kumbe ndivyo wanavyongoja," akasema kwa sauti ya chini.

Njozi akampigia mama mkwe simu ajaribu tena. "Bado!" ukaja mwitikio. Ikabidi warudi kazini: programu ya kwenye simu za wagonjwa, tofauti na ile ya mkuu, nayo ilikuwa na saa yake, yenye haraka ileile. Wakaituliza hiyo pia.

Siku iliyofuata picha ya goti ikafika nzima. Muuguzi aliitazama, akaikuza, akaona wekundu uliotambaa kando ya mshono. "Mleteni leo," alisema. Mama mkwe akaletwa, akafunguliwa mshono, akasafishwa, akapewa dawa za sindano. Daktari alisema usaha ulikuwa umeanza kujikusanya chini ya ngozi.

Alipopata nafuu alikaa kwa mwanawe na Njozi hadi akachoka kukaa, akadai kurudishwa kwake.

Wagonjwa wa mbali nao wakaanza kuingia. Siku kazi ikiwa nyepesi, Njozi huacha yote akaitazama, kwenye kompyuta ya mlangoni, picha moja ikijijenga kutoka juu kwenda chini: kwanza ukuta wa chokaa, kisha ncha ya mkeka, mkono wa mtu aliyeshika taa, mguu. Muuguzi humkuta hivyo, akavuta kiti, akangoja naye.