Laini Niliyoitangaza Kuwa Imekufa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye bwawa la Mwadingusha nikiwa na diploma ya uhandisi, viatu vya ngozi na maoni mengi. Mkuu wa zamu, mzee wa maneno machache, hakuiomba diploma. Alinipeleka hadi chini ya nguzo, akanyoosha kidole juu.

"Injenia, ile waya iko mufu ao muzima?"

Mashine zilikuwa zimesimama. Nikasema imekufa.

"Uliiua weye?"

Nikasema hapana.

"Basi iko muzima."

Siku ile sikuruhusiwa kushika chochote isipokuwa kalamu. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaanza kujifunza kazi.

Kazi ya laini ilikuwa na hatua nne, na ninyi vijana mnaoisomea leo mtazikuta hazijabadilika. Unakata umeme. Unafunga swichi kwa kufuli, ufunguo unabaki kwako. Unapima kwa perche, fimbo ndefu isiyopitisha umeme, yenye kipimo kichwani kinacholia kikikuta umeme. Mwisho unaunganisha waya na ardhi, ili umeme ukija kwa bahati mbaya upotelee udongoni. Ndipo unavua woga na kushika.

Kutoka bwawani nilihamishiwa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, ambako mkuu wa mtandao alitulazimisha kuzitaja hatua nne kwa sauti kila asubuhi, kama katekisimu. Huko nilimfundisha mwanafunzi wa kazi aliyeitwa Ngoie, mwanamke aliyeuliza maswali mengi hivi kwamba siku nyingine nilijifanya nina mkutano. Baadaye nikapelekwa Kakanda. Mkuu wa kituo cha huko alitaka laini iwe tayari kabla hajamaliza kahawa yake. Nilimwambia aagize nyingine. Alinichukia hadi alipohamishwa, na hakuna mtu wangu hata mmoja aliyeungua Kakanda. Hilo najivunia, na sitaomba radhi kwa kulisema.

Kisha nikastaafu, mapema kidogo, kwa sababu ya magoti. Nikarudi Likasi kuandika makala na kuwasahihisha majirani.

Msimu wa mvua uliopita, alasiri moja, upepo ulikuja ambao sijawahi kuuona katika mji huu. Uling'oa mabati manne ya paa langu na kuyapeleka kwa watu nisiowajua. Ukaiangusha nguzo ya umeme ya avenyu yetu, ile iliyoinama tangu nihamie hapa, na waya ukalala barabarani. Giza likaingia nyumbani kabla ya wakati wake. Mke wangu, Mama Régine, alikuwa akisogeza sufuria chini ya matone. Nilisimama katikati ya sebule na kutangaza kwamba mtu aliyewasha miji miwili hawezi kulala gizani kwa sababu ya upepo.

Nilikuwa na sababu nzuri pia. Mama Régine ana ugonjwa wa sukari, na dawa zake za sindano zinataka ubaridi. Nikaitoa jenereta ndogo na kuiunganisha na nyumba kwa waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, ule ule niliowakataza watu wa Kikula kwa miaka. Ila mimi ni injenia: kwanza nilishusha disjoncteur, swichi kuu inayoitenga nyumba na barabara. Jokofu likanguruma. Na televisheni pia, nisiwe mnafiki.

Saa kumi na mbili asubuhi nilizima jenereta ili niongeze petroli. Na hapo nikafanya jambo ambalo kila mtu wa Likasi hulifanya bila kufikiri: nikapandisha disjoncteur kuona kama umeme umerudi. Haukuwa umerudi. Nikawasha jenereta tena, nikaenda kuoga.

Kikosi kilifika saa tatu. Mkuu wake alikuwa Ngoie, sasa mwenye kofia nyeupe na miwani. Walikuwa wamekata umeme kabini, kwenye kibanda cha transfoma, na kufunga kufuli. Majirani walikuwa wamejaa, kila mmoja akieleza nyama yake iliyokuwa ikioza. Nikapita katikati yao nikiwa nimevaa kofia yangu ya zamani ya kazi, najua, na kumwambia fundi wake, Kabwe, baba wa watoto watano, kwamba kipande kile cha laini kimekufa. Nimekikagua kwa macho tangu jana. Ashike tu, watu wanateseka.

Kabwe alinijua kwa jina. Akaniheshimu. Akavua glavu moja ili afungue kibano.

"Kabwe, toa mukono," Ngoie akasema.

Nikamwambia laini imekatwa pande zote mbili, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi hii. Majirani wakaniunga mkono kwa kelele. Mmoja akamuuliza kama alikuja kutengeneza au kupiga picha. Hakugeuka. Alichukua perche na kuipeleka taratibu kwenye waya.

Ikalia.

"Papa Injenia," akasema, kwa adabu kabisa, "miye ntasikia hii fimbo mbele ya kukusikia weye." Kisha akawageukia wote. "Nani iko na groupe hapa?"

Majirani wakatega masikio kutafuta groupe, yaani jenereta. Avenyu nzima ilisikia jenereta moja tu, na ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta wangu.

Asubuhi nilisahau kuishusha tena disjoncteur, na umeme wangu ukatoka hadi barabarani. Kipande kile cha laini kilibeba nyumba mbili tu, yangu na ya jirani aliyesafiri, kwa hiyo jenereta yangu haikulemewa, na ilikuwa na nguvu ya kutosha kumuua Kabwe. Niliikimbilia kwa magoti haya haya na kuizima. Ngoie alinifuata, akashusha disjoncteur yangu na kuifunga kwa kufuli.

Nikaanza kumweleza habari za dawa za mke wangu. Mama Régine akatoka jikoni.

"Baba Régine, dawa niliitia mu chungu na maji, na kitambaa juu, tangu jana. Mule mu frigo iko pombe yako tu."

Mtaani wananicheka hadi leo, na nimekataa kujificha. Najua wastaafu wenzangu wangependa niandike kwamba vijana wa siku hizi hawajui kazi. Sitaandika hivyo. Akija mzee mwenye kofia ya zamani akikwambia laini imekufa, hata kama ni mimi, hasa kama ni mimi, mpe kiti akae, kisha upime.

Umeme ulirudi alasiri. Kabla hawajaondoka, Kabwe alikuja mlangoni kuomba maji. Nilimjazia kikombe hadi juu. Akanywa yote akiwa amesimama, akafuta kikombe kwa shati lake, akanirudishia kwa mikono miwili.