Tundu la Kabureta ya Kushoto

Sisi tuliokulia Mtinko wakati pikipiki zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, tuliijua kila moja kwa mlio wake. Ya katekista ilikohoa. Ya mnunuzi wa ngozi ililia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Ya baba yangu, aliyekuwa bwana mifugo wa kata, ilinguruma kwa sauti mbili zilizoshikana, maana ilikuwa na silinda mbili na kabureta mbili, kila silinda na yake. Tukiwa kwenye rede, vumbi limetujaa puani, mmoja angesema tu, "Baba yenu huyo, yuko kwenye yale mawe makubwa," nasi tukaacha mpira tukakimbia kumlaki. Kwenye sanduku lake la chanjo hakukosekana kitu: kipande cha muwa, mahindi ya kuchoma yaliyokwisha poa, siku nyingine chupa ya asali aliyopewa na wafugaji.

Wajukuu wa dada yangu wananicheka nikiwaambia kwamba pikipiki ilikuwa kitu cha kusikiliza. Wamezaliwa katikati ya bodaboda. Zipite kumi, hawageuzi hata shingo.

Mimi sikutosheka na kusikiliza. Nilifungua redio ya mama, nikafungua kufuli la stoo, na kuku wetu mmoja alipokufa nilimpasua nione mayai yamejipangaje foleni. Mama alikuwa anasema, "Huyu mtoto mikono yake haina adabu." Alisema huku akinipakulia ugali wa uwele na mlenda, kwa hiyo sikuogopa.

Nilikuwa na miaka tisa pikipiki ilipoanza kukwama kwenye vilima. Baba akamwita fundi Jumanne, rafiki yake wa tangu ujana. Jumanne alifungua kabureta zote mbili uani kwetu, akapanga vipande juu ya gunia, akaviosha kwa petroli na kuvipitishia unyoya wa kuku. Ndani ya kila kabureta mlikuwa na kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba kuliko sindano. Petroli yote ya silinda hupita hapo. Jumanne alinionyesha akaniambia, "Hili halichokonolewi. Ni unyoya na pumzi tu." Kisha wakaingia ndani kula.

Sikuamini kwamba tundu dogo vile linaweza kulisha mashine kubwa. Nikachukua kile cha kushoto, nikachomoa sindano kwenye cherehani ya mama, nikaizungusha tunduni mara nyingi, mpaka nilipokielekeza juani nikaona mwanga vizuri. Nilifurahi. Nilirudisha kila kitu mahali pake juu ya gunia, na Jumanne alipotoka akafunga bila shaka yoyote.

Kesho yake bomba la kushoto lilitoa moshi mweusi. Petroli ya kwenda na kurudi minadani ikawa inaishia njiani. Baba alifungua mwenyewe, akaliona tundu limepanuka, akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake.

"Ulikuwa na haraka gani, Jumanne, mpaka ukatumia waya?"

"Mimi natumia unyoya. Unyoya unatoboa shaba?"

"Basi ilijitoboa yenyewe."

Walisema hayo mbele za watu, siku ya mnada. Kabureta nyingine hazikupatikana, si Singida mjini, si kwingine alikoagiza. Baba akarudi kwenye baiskeli, na ng'ombe wa mbali wakakosa chanjo kwa wakati. Kila aliyemuuliza pikipiki iko wapi alijibiwa kwamba Jumanne ameiua. Watu wakaacha kumpelekea Jumanne mashine zao. Mwenye mashine ya kusaga akaleta fundi wa mjini. Mwisho Jumanne aliweka spana chini, akashika jembe, akawa mkulima wa vitunguu kama wengine. Kwenye misiba yeye na baba walikaa pembe mbili, na sisi watoto tulikatazwa kupita kwake.

Sikusema. Mwanzoni niliogopa fimbo, baadaye niliogopa kitu kikubwa kuliko fimbo. Shule niliacha darasa la sita, nikaanza kuzunguka. Nimeponda mawe ya dhahabu Sekenke, nimepika kwenye kambi za barabara, nimesafiri juu ya malori ya vitunguu mpaka mipakani. Kila mji nilipita kwenye vyuma chakavu, nikiuliza kabureta za silinda mbili. Mwaka huu nilizipata, pacha, ndani ya boksi lililoliwa na panya. Nikapanda basi kwenda nyumbani.

Baba sasa haoni vizuri. Alikaa kwenye kigoda karibu yangu wakati nazifunga. Mipira inayoziunganisha na injini ilikuwa imekauka ikapasuka, nikakata mingine kwenye mpira wa bomba la maji. Nikasafisha kutu kwenye tangi. Ilipowaka, baba aliweka viganja nyuma ya mabomba yote mawili ya moshi, akanielekeza nigeuze skrubu mpaka pumzi zikalingana mikononi mwake. Kisha akaokota kabureta ya zamani, akaipapasa, akaninyooshea.

"Umeona Jumanne alivyonifanya?"

Nilizima injini. Nikamwambia.

Alijiinua kwenye kigoda, akapapasa mpaka akakipata kiti cha pikipiki, akasema, "Iwashe. Nipeleke kwake."

Jumanne alikuwa anachambua vitunguu nje ya nyumba yake. Baba alishuka akashindwa kuanza. Nikapiga magoti mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikasema yote, sindano, cherehani, jua. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mtoto wa miaka tisa sina kesi naye." Hapo ndipo aliponitazama. "Huyu mtu mzima ndiye nauliza, alikuwa wapi?"

Baba aliketi chini kwenye maganda ya vitunguu, pembeni ya rafiki yake, na hakuna aliyemfukuza. Niliwaacha hapo.

Tukikutana sisi wa rika moja, tunawasema vijana: kitu kikiharibika kidogo wanatupa, wananunua kingine. Tunajisifu kwamba enzi zetu kila kitu kilitengenezwa. Ni kweli, tuliziba sufuria, tukaunga viatu, tukashona mipira ya rede kwa soksi kuukuu. Ninazitamani siku zile, vumbi lake na mlio ule wa sauti mbili. Lakini nikianza kuzisifu, namwona fundi hodari akipalilia vitunguu miaka yote ile, kwa sababu mtoto mmoja aliyejua kufungua kila kitu hakufungua mdomo.