Feni Iliyobaki Hail

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani iko kichwani. Tulikuwa tunakaa Hail, huko Omani, mwaka wa pili au wa tatu tangu tutoke Unguja, na mie nna mimba ya kwanza, ndiyo huyo baba yako.

Kaka yangu Nassor alikuwa fundi wa magari. Skuli mie sikukaa, lakini injini za Wamarekani nnazijua, maana kila jioni alinisomea magazeti aliyopewa na watu wa kampuni ya mafuta. Hakuwa na wa kumsikiliza ila dada anayepepeta mchele! Vijana wa kule, akasema, baada ya vita waliokota injini kuukuu za silinda nane, vali zimelala ubavuni. Wakachonga vichwa vyake ili zibane zaidi, wakaongeza kabureta, wakashindana kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka maji, kisha kwenye njia iliyonyooka ya robo maili. Baadaye zikaja za vali za juu, nguvu ikazidi. Na feni ya kupoza injini wakaitoa, kwa kuwa feni inakula nguvu.

Nassor naye akaitoa. Ile ya pikapu ya Kimarekani aliyokuwa akiendesha akaitundika ukutani, akaenda kukimbia kwenye mchanga wa pwani. Gari iliruka kama paa. Watu wakamshangilia, na mie mmoja wao.

Basi asubuhi moja chupa ikapasuka. Mavyaa wangu, Bi Zuwena, mama wa babu yako, akanipapasa tumbo, uso ukambadilika.

"Mtoto kakaa vibaya. Hospitali, Matrah, sasa hivi."

Pwani tulikwenda vizuri. Kwenye kilima cha mawe kabla ya Matrah gari ikawa inatambaa, jua la utosi, mara mvuke ukafoka. Nassor akazima.

"Nini tena?" akauliza Bi Zuwena, kakaa ubavuni mwangu.

"Imechemka, mama. Ikitambaa haipati upepo."

"Feni iko wapi?"

Kaka yangu mtu mzima, na ndevu zake, akajibu kwa sauti ya kutaka kulia. "Hail. Ukutani."

"Ukutani! Inampepea nani huko?"

Ningecheka, lau si uchungu. Maji tulikuwa nayo kiriba kimoja. Akiyamwaga palepale chuma kitapasuka. Lazima tungoje, na mtoto hangoji. Mie nnauma upindo wa leso.

"Usisukume, mwanangu. Bado, bado," Bi Zuwena akaniambia.

"Wao hawaihitaji," Nassor akanong'ona. "Wamarekani."

"Wanakwenda wapi hao?"

"Robo maili."

"Wakifika?"

"Wanazima."

"Sisi tunakwenda Matrah, Nassor."

Nassor akavua kanzu, akasimama mbele ya radiata anaipepea, jasho linamtiririka, midomo inasoma Ayatul Kursi. Chuma kilipopoa akatia maji kidogo kidogo, akawasha. Ikakohoa. Ikashika. Tukapanda, mie nnahesabu kila jiwe kwa mgongo wangu.

Tulipofika Matrah, daktari alimgeuza mtoto kwa mikono. Baba yako alitoka rangi ya zambarau, kimya, nami nikafumba macho nisione. Kisha akalia.

Sasa, mwanangu, jana nimekuona umefungua gari yako uani, simu inakuonyesha vijana wa mbali, na vitu ulivyovitoa umevipanga chini. Usidhani nakukataza kujifunza kwa watu. Wale hawakuwa wajinga: walijua safari yao fupi, wakatupa kisicho na kazi ndani yake. Nassor aliiga walichokitupa, asiulize walikuwa wanakwenda wapi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, nisamehe mdomo wangu. Kabla hujatoa kitu, katika gari au katika nyumba yako, jiulize unakwenda wapi wewe, na nani kakaa nyuma.

Mkeo mimba yake mwezi wa nane huu. Mola akupe mwendo, akupe na upepo wa kukufikisha, akuonyeshe uso wa mtoto wako akilia kwa nguvu. Haya, nenda kavirudishe.