Nguzo ya Kushoto ya Palermo

Sikusafiri ili kupumzika. Nilisafiri kwa sababu shemeji yangu Abdalla aliwaambia watoto wetu jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelishuhudia, na ilinipasa mimi kulithibitisha au kulifuta.

Sisi Wazanzibari wa Sparkhill, mjini Birmingham, tuna darasa la Jumamosi, katika ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa la Stratford Road. Watoto husoma Kurani, kisha Kiswahili, kisha tarikhi. Tarikhi husomeshwa na Abdalla, mume wa marehemu dada yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye tangu afiwe hana siku anayoingojea isipokuwa Jumamosi. Siku moja aliwaeleza kwamba juu ya mlango wa kanisa kuu la Palermo, kisiwani Sisilia, pameandikwa sura nzima ya Kurani kwa herufi za dhahabu. Mzazi mmoja akakasirika. Alisema watoto wanalishwa mambo ya kwenye simu, akataka mwalimu aondolewe, na wenzake wakamuunga mkono. Mimi ndiye mwenyekiti wa darasa hilo.

"Umeiona wewe?" nilimwuliza Abdalla mbele ya wazazi. Nyuma yetu watoto walikuwa wakisoma kwa sauti moja aya ya kufungia darasa, ile ile tuliyokuwa tukiisoma kabla ya kutawanyika katika chuo chetu cha Kurani, Unguja.

"Kaniambia mtu aliyekwenda."

"Mtu gani?"

"Shemeji, nikuletee na cheti chake cha kuzaliwa?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. "Ni sura gani hiyo?"

Aliigeukia ramani aliyoitandaza mezani, akanionyesha Palermo kwa kidole. Nikatamka uamuzi wangu: ningekwenda mwenyewe, na nisipoyaona maandishi hayo kwa macho yangu, somo la tarikhi lingepewa mtu mwingine. Wazazi waliridhika. Abdalla alikunja ramani yake polepole.

Alfajiri ya safari nilimkuta mlangoni kwangu, kashika mkate wa kumimina uliofungwa kwa kitambaa. Tulipanda basi hadi mjini, kisha treni ya kwenda uwanja wa ndege, na njia nzima alinitania kuhusu miwani yangu, kwamba imezoea magazeti tu, haitaweza kusoma jiwe. Penye ukaguzi utani ukamwishia.

"Kama haipo," alisema, "uniambie mimi kwanza, kabla ya wale."

Nilimwahidi.

Mchana wa siku hiyo, baada ya kubadilisha ndege mara moja, niliteremka Palermo. Barabara ya kuingia mjini hupita kati ya bahari na milima mikavu yenye mawe. Nyumba ya wageni niliyofikia ni ya Bi Mwanaisha, mwanamke wa Mombasa aliyeolewa huko zamani. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Babangu, watoka Birmingham kote kuja kutazama nguzo?"

"Nani kakwambia ni nguzo?"

"Wazee wa kofia wakija hapa hawaendi ufukweni. Wote waulizia nguzo ya kanisani. Haipo juu ya mlango, nakwambia mapema usije ukavunjika shingo."

Nilimshukuru, lakini sikuliandika alilosema. Nalo pia lilikuwa neno la kusikia.

Asubuhi iliyofuata sikwenda kanisani. Niliona ni sharti niujue mji kwanza, nipime kama jambo hilo lingewezekana. Basi niliwafuata watawala wake kwa zamu. Wafoinike waliuanzisha, wakaacha vipande vya ukuta ambavyo mpita njia huviegemea bila kujua. Warumi wakauchukua, kisha Warumi wa Mashariki waliozungumza Kigiriki. Waarabu walipoushika waliufanya makao makuu ya kisiwa, wakaleta mifereji na bustani za machungwa. Wanormani walipowashinda Waarabu hawakuwafukuza mafundi. Katika kanisa la kasri lao niliinua macho nikaona dari ya mbao iliyochongwa kama nyumba ya nyuki, kazi ya mikono iliyozoea kujenga kwa mtindo wa Waislamu. Baadaye walikuja Wajerumani, Wafaransa na Wahispania, na wafalme wa Kihispania bado wamesimama kwa mawe katika njia panda ya katikati ya mji, mavazi yao yamepauka. Mwisho ikaja Italia.

Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba aghalabu mtawala mpya hapo hakubomoa kila kitu. Alihamia ndani ya nyumba ya aliyemtangulia, akabadilisha jina lililo mlangoni. Kanisa kuu lenyewe lilipata kuwa msikiti, kisha likawa kanisa tena. Kwa hiyo jambo la Abdalla liliwezekana. Kuwezekana, hata hivyo, hakutoshi kuwa ushahidi.

Jioni nilisimama mbele ya baraza ya kusini ya kanisa hilo. Juu ya mlango hapakuwa na aya wala dhahabu. Lakini kwenye nguzo ya kushoto palikuwa na kipande kidogo chenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa, nami sikuweza kuyasoma. Sisi tulifunzwa kwa misahafu ya chapa, yenye nukta na irabu. Herufi hizi zilinyooka na kubanana, na sikuona nukta hata moja. Yangeweza kuwa jina la fundi. Yangeweza kuwa shairi la kumsifu sultani.

"Basi piga picha, umpelekee mtu akusomee," alisema Bi Mwanaisha usiku huo akinipakulia samaki.

"Nimekuja kwa sababu ya mambo ya kuambiwa. Kusomewa nako ni kuambiwa."

"Na huyo shemejio?"

Nilimkumbuka Abdalla akikunja ramani yake mbele ya wazazi.

Siku ya kuondoka, kabla ya basi la uwanja wa ndege, nilirudi mara ya mwisho. Nilitafuta neno moja tu. Nikatambua alifu, lamu, na lamu nyingine, kisha yaa na lamu tena: layl, usiku. Ulimi ukatangulia mbele ya macho. Baada ya usiku ulitaja mchana, na mchana ulikuwapo kwenye jiwe. Ukataja jua, mwezi na nyota, na kila neno lilikuwa mahali pake. Ilikuwa sehemu ya aya ya hamsini na nne ya Suratul Aaraf, aya yetu ya kufungia darasa. Maalim wetu wa chuoni alitusomea, nasi tukamfuatisha huku tukiyumba, miaka mingi kabla sijaelewa maana yake.

Walinzi walimwona mzee akisoma kwa sauti mbele ya nguzo. Hawakushangaa.

Kwamba nguzo hiyo ilitoka katika msikiti wa zamani, kama wengi wasemavyo, sikuona ushahidi, na sitalisema.

Usiku ule ule niliofika Birmingham nilimpigia Abdalla kwanza, kama nilivyoahidi. Jumamosi nikaitundika ukutani picha kubwa ya jiwe. Yule mzazi aliikodolea macho akasema haisomeki. Nilikiri kwamba haisomeki kwa ambaye hajapata kuisikia aya. Nikaweka kidole penye usiku, nikatamka maneno mawili. Watoto wale, ambao ukiwauliza kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, waliipokea aya wakaiendesha hadi mwisho, kidole changu kikifuata herufi zilizomo. Mzazi akakaa.

Nilitoka Sparkhill nikidhani kila la kusikia ni upuuzi. Sasa nauliza limesikiwa kwa nani, na huyo naye kwa nani, kwa maana la kwangu nililipata kwa Maalim, na lilikubaliana na jiwe.

Nikampa Abdalla kalamu ya ubaoni.

"Na dhahabu, shemeji?" alinong'ona.

"Hakuna dhahabu. Si sura nzima, wala si juu ya mlango. Utayafuta hayo mbele yao, leo."

"Nitayafuta," alisema, akaifungua ramani yake.