Meno Mapya ya Mpiga Tarumbeta

Kila Jumapili alasiri, kabla ya kupanda jukwaani, mpiga tarumbeta wa klabu ile ya jazi hulamba midomo, huipangusa tarumbeta yake kwa leso ya bluu, kisha humtazama mkewe kwenye meza ya mbele. Vidole vyake ni vinene kama vya fundi uashi, lakini hugusa vitufe vya tarumbeta kana kwamba vitufe vimelala, na yeye hataki kuviamsha. Jumapili hii alikuwa amerudi baada ya miezi kadhaa bila kupiga, akiwa na meno ya bandia, na mpiga tarumbeta huegemeza midomo yake kwenye meno. "Babu, hayo meno yameshaujua wimbo?" mpiga kinanda alimtania. "Yanaujua. Mimi ndiye nimeusahau," akajibu kwa sauti yake ya kukwaruza, na ukumbi wote ukacheka, isipokuwa mkewe.

Wimbo wake una kilele kimoja, sauti ya juu sana ambayo wateja wote huingojea. Aliipandia polepole, akaifikia, ikatoka pumzi tupu. Mkewe akafumba macho. Mimi, mteja niliyekwisha kusikiliza tarumbeta katika miji mingi, nilitamani kutoka nje. Lakini mzee hakuishusha tarumbeta. Alipuliza tena pumzi ile ile, makusudi, kisha tena, mpaka mpiga ngoma akaifuata kwa brashi zake, na ndani ya upepo ule ikachomoza sauti nyembamba, ya chini, ambayo sijawahi kuisikia popote. Hakuna aliyegusa glasi. Alipomaliza, mpiga kinanda hakuwa na utani tena.

"Babu," alisema, "turudie hapo penye upepo."