Upatu wa Watu Wawili

Siku niliyopokea kiinua mgongo changu, baada ya miaka mingi ya kusomesha, miguu haikunipeleka nyumbani. Ilinipeleka Malindi ya hapa Unguja, kwenye uchochoro nilikokulia na bibi yangu. Nilipita mlango hadi mlango na sikuona hata mtu mmoja wa kumwamkia. Nikasimama pale na mkoba wangu, nikimkumbuka aliyenifunza kuweka akiba.

Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba alikuwa baharia asiyerudi. Bibi akanilea kwa kuuza visheti. Asubuhi nyumba nzima ilinukia iliki na samli, na kazi yangu ilikuwa kuvigaragaza kwenye shira ya sukari na kuvipanga sahanini. Alichopata alikigawa siku ile ile: cha jikoni, cha unga wa kesho, na kilichobaki akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Hichi si chetu sie wa leo," akinambia. "Cha sie wa baadae."

Hicho cha baadae kilikwenda kwenye upatu. Wanawake tisa wa mtaani, pamoja na yeye, walikutana kwetu kila Ijumaa baada ya alasiri, kila mmoja na mchango wake, na kila mwezi mmoja wao akapokea michango ya wote. Bibi ndiye aliyekusanya, na zamu yake aliiweka mwisho. Paa letu lilivuja, boriti zimeliwa na mchwa, naye alitaka kulitengeneza kabla uzee haujamzidi.

Ulikuwa mwaka wa Mapinduzi, na watu walikuwa wakihama. Mshoni wa nyumba ya pili, aliyenishonea gauni la Sikukuu, alipokea zamu yake, na wiki chache baadae tukaamka tukakuta mlango wake una kufuli. Hakuaga. Mwengine alikuja kuaga huku akilia, lakini mchango wake hakuulipa. Mimi niliyekuwa naosha vikombe vyao vya chai niliona kazi yangu inapungua: tisa, saba, vitano.

Waliobaki bila kupokea walikuwa watatu, na bibi. Wakaja kuulizia michango yao. Bibi akawaomba warudi kesho yake, kisha akavaa buibui akenda kwa sonara. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Bangili nne za harusi yake hazikuwepo. Wote watatu akawalipa. Nilimuuliza kwa nini alipe yeye, na waliokula ni wengine.

"Hawakumpa alokwenda zake, mwanangu," akasema. "Wamenipa mie."

Baada ya hapo upatu ukafa. Ijumaa iliyofuata nilitandika mkeka kwa mazoea tu, na hakuja mtu. Bibi akaketi, akaweka senti zake katikati, akaniangalia.

"Na wewe weka."

Nilikuwa na senti tano nilizopewa kwa kutwanga iliki. Nikaweka. Tukawa hivyo, mwezi huu nipokee mimi, mwezi ujao yeye. Zamu yangu ikifika aliniuliza kama anavyoulizwa mtu mzima nitaifanyia nini. Nikisema halua, hakunikataza. Aliniuliza tu baada ya halua nitakuwa na nini. Nikajifunza kuifunga tena pindoni.

Ilichukua miaka saba kupata fedha za paa. Sukari ikawa ya foleni, visheti vikaadimika, tukaweka hata tulipokuwa na kidogo mno. Mwisho fundi akaja, akabadilisha boriti, akapiga chokaa. Masika ya kwanza tulikaa tukiisikiliza mvua, sakafu kavu. Bibi alifurahi, kisha akatazama mlangoni. Hakukuwa na jirani wa kumwita aje aone; hata wale watatu walikuwa wameshahama.

Siku hizi watu hucheza upatu kwa simu, wengine hata sura hawajuani. Mie, tangu bibi afariki, nimeweka peke yangu, mshahara baada ya mshahara, na namshukuru Mungu sihitaji kumwomba mtu. Lakini Ijumaa alasiri mpaka leo sitoki nyumbani, wala hakuna nnayemngojea.