TV ya Kwanza ya Ploti Yetu

TV ya kwanza kuingia ploti yetu hapa Kianda ilikuwa ya Walubengo, fundi wa mbao, mwaka wa tisini. Nani aliibeba kutoka stage ya basi? Mimi. Wengine watakudanganya ni wao, lakini shingo yenye iko na nguvu hivi ni moja tu Kibera nzima.

Shida ni kwamba hatukuiona ikiwaka. Walubengo aliiweka juu ya kabati, akaifunika na kitambaa chenye bibi yake, Lenah, alishona, akasema, "Hii haiwashwi mpaka Lenah arudi."

Lenah alikuwa ameenda nyumbani Kimilili kuangalia mama ya Walubengo, mgonjwa. Kabla aende, yeye na Walubengo walikuwa wanasimama nje ya baa moja Kawangware wakichungulia TV kwa dirisha, mwenye baa anawafukuza kama kuku. Hapo ndio Walubengo alimwapia: yao ikija, yeye ndio wa kwanza kuiona.

Pasaka ikapita, Lenah hajakuja. Mama hapati nafuu. Na vile ploti haikuwa na stima, kila Jumamosi Walubengo anasukuma betri ya gari na wilbaro mpaka Kawangware ikachajiwe.

"Buda, unalisha ng'ombe na hukamui," nikamwambia.

"Na akikuja leo?"

Kombe la Dunia ikafika. Kameruni wanachapa watu, sisi tunasikiza kwa redio na TV iko hapo imejifunika kama bibi harusi. Ploti yote ikajaa kwa mlango wake. Jirani Omolo akapiga magoti kabisa. "Baba, fungua tu nusu saa!"

Siku hiyo hiyo binamu ya Walubengo, Khamala, akafika kutoka Kimilili. "Lenah amesema uwashe, watu waone. Utamwambia vile ilikuwa."

Tukapiga makofi. Walubengo akakaa kwa stuli, akaangalia chini.

"Kuambiwa tu, Lenah amechoka nayo," akasema.

Asubuhi akapanda basi ya Kimilili, TV kwa mapaja, betri chini ya kiti. Nilimtukana mpaka stage, na bado nikambebea.

Alirudi mpira imeisha. Bila TV, bila Lenah. Akanieleza huko mawimbi haifiki. Waliwasha, picha hakuna, ikatoa chenga tupu, kama mchele inapepetwa. Alitaka kuzima. Lenah, ameketi chini mbele ya TV, akamwambia, "Wacha kwanza."

"Sasa umeiacha huko ya nini?" nikapiga kelele. "Sisi ata hiyo chenga hatuna!"

Walubengo alikuwa ameshachukua randa yake, analainisha mbao.

"Anaiwasha jioni mama akilala," akasema. "Ati saa zingine anasikia ni kama kuna mtu anaongea."